Tovuti yetu kwenye simu: tuanze na msomaji au na mchangiaji wa mara moja?

Mhariri wa Mlandege (Unguja) anauliza:

Assalamu alaykum wanajukwaa. Naleta mbele yenu suala la mpango wa kazi, nikitaraji mawazo ya waliowahi kujenga tovuti na pia ya wale wanaozisoma tu, kwa sababu makundi yote mawili yananihusu.

Sisi ni kikundi kidogo cha watu wa kujitolea tunaoendesha tovuti ya Kiswahili inayokusanya maelezo ya maeneo ya Unguja na Pemba: misikiti ya kale, magofu, visiwa vidogo, mimea, samaki, na desturi za mjini na mashamba. Tovuti inaendeshwa kwa MediaWiki, programu ile ile inayoendesha Wikipedia, na kila ukurasa unaweza kuhaririwa na mtu aliyejiandikisha. Ilijengwa na watu waliokuwa wakikaa mbele ya kompyuta, na hadi leo umbo lake ni la kompyuta: menyu ndefu upande wa kushoto, majedwali mapana, na picha zilizopandishwa kama zilivyotoka kwenye kamera. Wasomaji wetu, kinyume chake, takriban wote wanakuja kwa simu. Wengi wao wamebonyeza kiungo walichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Husoma ukurasa mmoja, tena mara nyingi kwa kuuvuta kwa vidole viwili ili maandishi yaonekane, kisha wanaondoka.

Tunao wachangiaji wachache wa kudumu ambao wamezoea alama za wiki (mabano na mistari ya kupangia ukurasa) na hawalalamiki. Ninaowafikiria mimi ni wale wengine. Chukueni mfano wa mtu anayesoma ukurasa wa msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ambao maandishi yake ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) yana mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Tuseme ukurasa umeandikwa 1170. Msomaji anayejua analiona kosa mara moja na angependa kuzipanga upya tarakimu mbili hizo, kisha aendelee na shughuli zake. Kwa utaratibu wetu wa sasa, mtu huyo anatakiwa ajiandikishe, athibitishe barua pepe, aingie, afungue ukurasa mzima ndani ya kisanduku kilichojaa mabano na mistari ya kusimama, autafute mwaka ule kwa kidole, arekebishe, kisha ahifadhi. Haishangazi kwamba baadhi yao hututumia ujumbe wa simu badala ya kuhariri, na kwamba wengine, nadhani walio wengi zaidi, hunyamaza.

Wenzangu wawili wanaojua kuandika programu wamekubali kutoa nafasi yao baada ya Ramadhani. Fedha za kumlipa mkandarasi hatuna. Katika kikao chetu kumetolewa mapendekezo matatu ambayo hayawezi kufanywa yote kwa wakati mmoja: kutengeneza programu ya Android, kuubadilisha mwonekano wa tovuti kwenye simu kwa ajili ya wasomaji, au kuirahisisha njia ya kurekebisha makosa madogo. Naomba ushauri kuhusu lipi litangulie na kwa sababu gani. Pia naomba maoni juu ya jambo lililotugawa: je, turuhusu watu wahariri bila kuwa na akaunti?

---

Fundi wa Darajani (Unguja):

Wa alaykum salaam ndugu Mhariri. Programu ya Android iwekeni pembeni, na wala msiirudie mpaka tovuti yenyewe itakapokuwa nyepesi. Msomaji wenu anafika kwa kiungo, na kumtaka apakue programu ili asome ukurasa mmoja ni sawa na kumuuzia gari mtu aliyesimamisha daladala afike Amani. Isitoshe, programu itahitaji kutunzwa kila Android inapobadilika, na hao vijana wawili wana kazi zao nyengine.

Kwa yale mapendekezo mawili yaliyobaki, mimi siyaoni kuwa yanashindana kama yalivyowasilishwa. Mchangiaji wa mara moja ni msomaji aliyefika mpaka kwenye sentensi yenye kosa. Ukurasa usipofunguka, au ukifunguka baada ya mtu kuchoka, hakuna wa kuliona kosa. Kwa hivyo anzeni na msomaji, lakini kwa kazi fupi na za haraka, ili muda mrefu ubakie kwa ajili ya njia ya kurekebisha, ambako ndiko kwenye ugumu.

Upande wa msomaji, jambo la kwanza ni picha. Picha ya kamera ya simu ya siku hizi inaweza kuzidi MB 4, na skrini ya kuionesha mara nyingi haina upana hata wa pikseli 400 kwa kipimo cha kivinjari. Seva itengeneze nakala ndogo zenye upana wa pikseli 800 hivi, kwa muundo wa WebP inapowezekana, na picha za chini ya ukurasa zisipakuliwe mpaka msomaji atakapozikaribia. Vivinjari vya sasa vinalifanya hilo vyenyewe kwa kuongezewa neno moja tu kwenye alama ya picha. Fonti za kupakua ziondoeni, kwani za simu yenyewe zinatosha. Kama mnataka lengo la kupimia, Google hutumia kipimo kwamba sehemu kubwa zaidi ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5 kwa asilimia 75 ya ziara. Msikipime kwa mtandao wa ofisini, bali kwa simu ya bei ya chini, kwa bando la kawaida, mkiwa sehemu yenye mawimbi dhaifu.

Jambo la pili ni dogo lakini tovuti nyingi za Kiswahili zimelisahau. Angalieni kama ukurasa wenu unajitambulisha kwa kivinjari kuwa ni wa Kiswahili. MediaWiki ikisakinishwa bila kuchagua lugha, hujitangaza kuwa ni ya Kiingereza. Matokeo yake, programu ya kumsomea kwa sauti mtu asiyeona itayatamka maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na kivinjari kinaweza kukosea katika kuamua kama ukurasa unahitaji kutafsiriwa. Tiba yake ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio: wgLanguageCode iwe sw.

Tatu, msijenge mwonekano mpya kutoka sifuri. Wikipedia kwenye simu hutumia kiendelezi (programu ndogo ya kuongezea kwenye MediaWiki) cha MobileFrontend pamoja na sura ya Minerva, na vyote viwili vinapatikana bure. Pale walifanya uamuzi ninaoupenda: kwenye simu aya ya kwanza hupandishwa juu ya jedwali la muhtasari, ili msomaji akutane na sentensi inayomwambia kitu kile ni nini kabla ya kukutana na orodha ya vipimo. Uamuzi wao wa kuzifunga sehemu za ukurasa mpaka msomaji azibonyeze siupendi kwa tovuti ya aina yenu. Unafaa kwa makala ndefu mno, lakini katika ukurasa wenye aya saba unamficha msomaji kitu alichokuja kukitafuta. Majedwali mapana yaacheni yasogezwe kwa kidole ndani ya fremu yake, bila ya ukurasa wote kuyumba.

Sasa kuhariri. Kitufe cha kalamu kiwe kwenye kila kichwa kidogo, si juu ya ukurasa peke yake, ili kisanduku kifungue sehemu ile tu. Mwongozo wa ufikivu (wa kuwawezesha hata wenye ulemavu kutumia tovuti) wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, toleo la 2.2 la Oktoba 2023, unataka kitu cha kubonyezwa kisipungue pikseli 24 kwa 24 katika kiwango chake cha kati. Mimi ningekwenda hadi 44, kwa sababu watu hubonyeza kwa dole gumba huku mkono wa pili umeshika kitu. Maandishi ndani ya kisanduku yasipungue pikseli 16, la sivyo Safari ya iPhone itaukuza ukurasa wenyewe mara mtu anapogusa kisanduku, na atapotea mahali alipokuwa. Zimeni usahihishaji wa tahajia wa kibodi ndani ya kisanduku hicho, kwani kibodi iliyopangwa kwa Kiingereza huharibu maneno ya Kiswahili bila ya mwandishi kutambua, na mtakuja kumlaumu mchangiaji kwa kosa la simu yake. Rasimu ihifadhiwe ndani ya kivinjari kila baada ya sekunde chache, maana simu yenye kumbukumbu ndogo huufuta ukurasa ukienda kupokea simu na kurudi.

La mwisho: anayefungua kiungo ndani ya Facebook husoma kwa kivinjari cha Facebook yenyewe, ambacho hakijui kwamba aliwahi kuingia kwenye akaunti yake kupitia Chrome. Kwa hiyo hata yule mwenye akaunti anaonekana mgeni. Lizingatieni hilo mnapojadili suala lenu la akaunti.

---

Msomaji wa Wete (Pemba):

Mimi si mtaalamu na sitasema kuhusu pikseli. Nasema kama mtu ambaye husoma tovuti za aina hiyo na ambaye, kwa kweli, ndiye huyo mchangiaji mnayemzungumzia.

Mara nyingi ninachokiona si tarakimu iliyogeuzwa. Naona ukurasa wa Kojani au wa Tumbe ulioandikwa na mtu ambaye ni dhahiri hajafika huko, ambamo jina la mtaa limewekwa upande usio wake, au samaki anayevuliwa msimu mmoja ameelezwa kana kwamba anapatikana mwaka mzima. Kosa la namna hiyo siwezi kulirekebisha kwa kubadilisha neno moja, na sina hamu ya kuiandika upya aya ya mtu mwengine. Ninachohitaji ni kuigusa sentensi ile na kusema: hapa si sahihi, na mwenye kujua zaidi ni wazee wa dago (kambi ya wavuvi) fulani. Nipewe nafasi ya kueleza kwa maneno yangu, ikiwezekana hata kwa sauti, kwa sababu wanaoyajua mambo haya zaidi yangu ni watu wazima ambao hawaandiki kwenye simu lakini wanatumiana sauti kila siku.

Jambo jengine ni jibu. Niliwahi kupeleka sahihisho kwenye tovuti moja, nikaoneshwa maneno ya kushukuru, na baada ya hapo kimya. Sikujua kama lilipokewa, lilikataliwa au halikusomwa. Sikurudi tena, na wala sina kinyongo. Nilidhani tu kwamba hawahitaji. Kama mtaweka njia ya kupokea masahihisho, wekeni na mtu wa kuyajibu, na jibu la kukataa liseme sababu.

Na kuhusu picha, tafadhalini muwe waangalifu. Simu huandika ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa. Mtu akikutumieni picha ya mkeka alioupigia ukumbini kwake, mtakuwa mmeitangaza nyumba yake. Ziondoeni taarifa hizo kabla ya kuipandisha picha.

---

Maalim wa Chake Chake (Pemba):

Nimesoma michango yote kwa makini, na nakubaliana na mingi, isipokuwa naona suala la akaunti limeguswa kwa juu juu tu ilhali ndilo lenye hatari.

Wenzetu wa Wikipedia hawana jibu moja. Wikipedia ya Kireno tangu Oktoba 2020 haimruhusu mtu kuhariri makala bila kuingia kwenye akaunti, baada ya wachangiaji wake kuchoshwa na uharibifu. Ile ya Kijerumani imefuata njia nyengine tangu mwaka 2008: mgeni anaruhusiwa kuhariri, lakini msomaji wa kawaida haonyeshwi badiliko hilo mpaka lipitiwe na mtu mwenye uzoefu. Zote mbili ni tovuti kubwa zenye watu wa kutosha, ama wa kustahamili kupoteza wageni kadhaa, ama wa kulimaliza foleni la ukaguzi. Ninyi hamna wingi huo. Mkifunga mlango, hamtapata wapya. Mkiuacha wazi kabisa, siku moja mtaamka mkute ukurasa wa mzozo wa kifamilia kuhusu nani aliujenga msikiti, na jina la mtu aliye hai limo ndani yake. Visiwa vyetu ni vidogo, na watu wanajuana. Madhara ya sentensi moja mbaya kwetu ni makubwa zaidi kuliko katika nchi ambayo msomaji hamjui anayetajwa.

Ushauri wangu ni njia ya Kijerumani, lakini kwa masharti. Kwanza, foleni liwe na mwenyewe. Atajwe mtu, si kamati, na wiki ikipita bila yeye kulifungua basi apokee mwengine. Pili, kurasa zinazohusu watu walio hai na nasaba zisifunguliwe kwa asiye na akaunti hata kidogo. Za mimea, samaki na majengo zifunguliwe. Tatu, anwani ya mtandao ya mgeni isioneshwe hadharani. Wikimedia wenyewe, shirika linaloendesha Wikipedia, baada ya kuzionesha kwa miaka mingi, wamekuwa wakiziondoa machoni pa watu na kuwapa wageni akaunti za muda. Hatuna haja ya kuurithi utaratibu ambao wenyewe wanauacha.

Kuhusu ndugu wa Wete na ujumbe wa sauti, wazo lake nalipenda, ila lisiwemo katika hatua ya kwanza. Sauti lazima isikilizwe, iandikwe na ihakikiwe, na kazi hiyo ni nzito kuliko anavyodhani. Mzee mmoja akizungumza robo saa juu ya magofu ya Pujini na habari za Mkama Ndume, mtakuwa na kazi ya jioni nzima, na pengine ni kazi yenye thamani kuliko masahihisho mia. Lakini hiyo ni kazi ya kukusanya simulizi, na inastahiki mpango wake, ruhusa ya maandishi ya msimulizi ikiwemo.

---

Fundi wa Darajani (Unguja):

Maalim amesema kweli, na zana ipo. Kuna kiendelezi cha MediaWiki kinachoitwa Moderation ambacho huyaweka mabadiliko ya wageni kwenye foleni, huku mgeni mwenyewe akiliona badiliko lake kana kwamba limeshaingia. Ningeongeza ujumbe mfupi wa wazi kwamba linasubiri kupitiwa, ili asije akamtumia mwenzake kiungo na mwenzake asilione.

Dhidi ya matangazo ya kiroboti, msiwawekee watu mafumbo ya kuchagua picha za taa za barabarani. Ni mazito kupakua na yanamfukuza mtu kabla ya roboti. Jaribuni kwanza uwanja wa siri kwenye fomu (nafasi ya kujaza iliyofichwa), ambao binadamu haoni lakini roboti huujaza. Ukijazwa, ujumbe unatupwa. Hautazuia kila kitu, ila kwa tovuti ya ukubwa wenu utapunguza mengi.

---

Mhariri wa Mlandege (Unguja):

Nawashukuru nyote. Nimeyapeleka maoni haya kwa wenzangu na tumefikia hatua ifuatayo, ambayo naiandika ili mniambie kama ina kasoro.

Programu ya Android imeondolewa kwenye mpango. Kazi ya kwanza itakuwa lugha ya ukurasa, picha na sura ya Minerva bila kuzifunga sehemu. Baada ya hapo tutaweka chini ya kila sehemu kitufe kimoja chenye maneno "Kuna kosa hapa?", kitakachofungua kisanduku chenye nafasi ya maelezo na nafasi ya jina ambayo si ya lazima. Ujumbe utaingia kwenye foleni pamoja na kichwa cha sehemu ulikotoka. Anayetaka kuhariri mwenyewe atakuwa na kalamu pembeni yake, na badiliko lake litapita katika foleni hilo hilo. Mwenye foleni kwa miezi mitatu ya mwanzo ni mimi. Anayeacha namba au barua pepe atajibiwa, na asiyeacha ataliona jibu chini ya sehemu ile ile, kwa vile ndugu wa Wete ametukumbusha jambo ambalo halikuwemo kabisa katika kikao chetu. Kurasa za watu walio hai zitabaki zimefungwa.

Limebaki suala la kupima. Wenzangu wanataka tuhesabu idadi ya ziara. Mimi naona ziara zinaweza kuongezeka kwa sababu kiungo kimoja kimesambazwa na watu wengi, na zisituambie lolote kuhusu kazi hii.

---

Fundi wa Darajani (Unguja):

Hesabuni vitu viwili. Cha kwanza ni watu wangapi wamekifungua kisanduku na wangapi kati yao wamebonyeza kutuma. Tofauti ikiwa kubwa, fomu ndiyo yenye tatizo, na hapo kaeni na watu watano, mmoja mmoja, muwatazame wakijaribu bila kuwasaidia. Cha pili ni muda tangu ujumbe kuingia mpaka kujibiwa, ambao hautegemei programu bali unakutegemea wewe.

---

Maalim wa Chake Chake (Pemba):

Ongeza na cha tatu, ndugu Mhariri: maneno ambayo watu wameyatafuta ndani ya tovuti na hawakupata kitu. Hayo yatakuonesha kurasa zinazokosekana kuliko mjadala wowote wa kikao, mradi msihifadhi pamoja nayo habari za kumtambulisha aliyetafuta. Ukishaipata orodha ya mwezi wa kwanza, iweke hapa. Majina ya mahali pa Pemba yatakayokuwemo nitawapa wanafunzi wangu wa skuli wayagawane, kila mmoja na kijiji chao.